Uzingativu wa Budha Mbele ya Mizani ya Sayansi

Maneno ya hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu letu, Arusha, wakati wa sherehe za kumbukumbu



Kamati imeniomba niseme juu ya jambo linalozungumzwa sana siku hizi, nalo ni ile namna ya kuituliza na kuiangalia akili iliyofundishwa na Budha, na jinsi wanasayansi walivyoichukua wakaipima. Huenda mtu akauliza, kwa nini habari za Budha zizungumzwe katika hekalu la Kihindu? Jibu ni kwamba Siddhartha Gautama alizaliwa na kufundisha katika ardhi ileile zilikotungwa Upanishadi, na katika masimulizi ya Wahindu wengi anahesabiwa miongoni mwa avatara wa Vishnu. Mti wake na mti wetu umeoteshwa na udongo mmoja. Na kwenu majirani ambao si Wahindu wala Wabudha, jambo hili linawahusu kwa sababu limekwisha kutoka mahekaluni, likaingia hospitalini, shuleni na katika simu za watoto wetu.

Mimi si daktari wala mtawa. Elimu yangu ni ya sekondari, na maisha yangu nimeyapitisha dukani. Lakini mfanyabiashara anajua kupima, na anajua kuandika hesabu. Kila Diwali tunavileta vitabu vyetu mbele ya Lakshmi tukiviombea baraka, na kitabu kinachowekwa pale hakipaswi kuwa na tarakimu ya uongo. Kwa moyo huohuo nataka leo tufungue kitabu cha jambo hili tuone kilichoingia, kilichotoka na kinachodaiwa. Maneno “sayansi imethibitisha” yamekuwa kama chapa inayobandikwa kwenye kila kopo, na hapa mjini petu wako waliokwisha kudhurika kwa kuiamini chapa bila kutazama kilichomo ndani.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Katika lugha ya Kipali, iliyohifadhi mafundisho ya Budha, neno ni sati. Ndugu yake katika Kisanskriti ni smriti, ambalo sisi tunalijua kwa maana ya kukumbuka. Kwa Kiswahili nitasema uzingativu. Huku si kukumbuka mambo ya jana, bali ni kukumbuka kuwapo: kujua kwamba sasa ninavuta pumzi, sasa mkono umekunja ngumi, sasa hasira inapanda. Ndugu zetu Waislamu huhimizwa kuswali kwa khushuu, moyo usiwe sokoni ilhali mwili uko msikitini. Anayeijua khushuu hatakuwa mgeni wa ninayoyasema.

Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza na gumu kulifanya. Mtu hukaa, mgongo ukiwa wima bila kukakamaa, akaiangalia pumzi inavyoingia na kutoka. Haibadilishi. Baada ya muda mfupi akili hutoroka, ikaenda kwenye deni la fulani, kwenye ada ya shule, kwenye neno baya lililosemwa juzi. Akigundua kuwa imetoroka, huirudisha bila kujilaumu. Ikitoroka mara mia, huirudisha mara mia, na kurudisha huko ndiko zoezi. Baada ya pumzi hufuata mwili mzima, kisha hisia za raha na karaha, kisha hali za akili yenyewe, na katika kila hatua mtu hujionea kwamba linalotokea halidumu.

Tusidhani kutoroka kwa akili ni ugonjwa wa wachache. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti walioufanya kwa simu. Waliwauliza watu wazima 2,250, nyakati mbalimbali za mchana, walikuwa wakifanya nini na akili ilikuwa wapi. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo akili haikuwa kwenye kazi iliyokuwa mkononi, na kwa jumla watu hao walikuwa na furaha ndogo zaidi pale akili ilipokuwa mbali. Mwenye duka yeyote wa Soko Kuu anaweza kuyashuhudia hayo kwa kumtazama muuzaji wake saa nane mchana.

Pili, tusilione jambo hili kuwa la mbali. Pale Dar es Salaam lipo hekalu la Kibudha ambalo mizizi yake ni ya mwanzoni mwa karne ya 20. Lilianzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na uwanjani umo mti wa bodhi ulioletwa kutoka kwao. Huko Uganda, kijana Mganda aliyeitwa Steven Kaboggoza alikwenda India kusoma mwaka 1990, akakutana na watawa wa Kibudha, na mwaka 2002 akawa mtawa kwa jina la Buddharakkhita. Mwaka 2005 alianzisha Kituo cha Wabudha cha Uganda karibu na Entebbe. Kwa hiyo Afrika Mashariki hatuyasikii haya kwa mara ya kwanza kutoka kwenye intaneti.

Lakini mtu ninayependa kumtaja zaidi hakuwa Mbudha wala mtawa. Alikuwa mfanyabiashara Mhindu, mzaliwa wa ugenini kama wengi wetu. Satya Narayan Goenka alizaliwa Mandalay, Burma, mwaka 1924, katika familia ya wafanyabiashara waliotoka India. Alitajirika akiwa bado kijana, akawa kiongozi wa jumuiya ya Wahindu, na pamoja na utajiri akapata maumivu makali ya kichwa ya kipandauso. Madaktari walikuwa wakimdunga mofini, naye akazunguka nchi za mbali akitafuta tiba asiipate. Mwaka 1955 alimwendea U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa Serikali ya Burma, ambaye pamoja na kazi yake ya vitabu vya serikali alikuwa mwalimu wa uzingativu. U Ba Khin alipoambiwa kwamba mgeni amekuja kutafuta dawa ya kichwa, alimkatalia. Alimwambia kwamba kuyajia mafundisho kwa ajili ya kichwa tu ni kuyashusha thamani. Atakaswe akili kwanza. Kichwa kikipona, hiyo itakuwa nyongeza.

Nawaomba mlishike jibu hilo la mhasibu, nitalirudia. Goenka aliogopa pia, maana alikuwa Mhindu wa ukoo wenye msimamo na hakutaka kubadilishwa dini. Alihakikishiwa kwamba hatabadilishwa. Akakaa siku kumi, na maumivu yakamwacha. Baada ya miaka michache serikali ya kijeshi ya Burma ilitaifisha viwanda na biashara zake. Wazee wa Arusha hawahitaji kufafanuliwa neno kutaifisha. Katika miaka ile ya kupoteza mali, Goenka alikaa zaidi na mwalimu wake. Mwaka 1969 alihamia India akaanza kufundisha, bila ada, watu wa kila dini, na mwaka 1994 zaidi ya wafungwa 1,000 wa gereza la Tihar, Delhi, walikaa naye kimya kwa siku kumi. Alifariki mwaka 2013.

Sasa tuje kwenye sayansi. Wengi hudhani Wazungu ndio walioanza kuipima tafakuri. Sivyo. Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda, mzaliwa wa Dabhoi katika Gujarat, alifungua kituo cha Kaivalyadhama huko Lonavla, akawapima watu wa yoga kwa eksirei na vipimo vya shinikizo la ndani ya mwili, na mwaka huohuo akaanzisha jarida la kuchapisha matokeo. Mwaka 1961 madaktari wa Delhi wakiongozwa na B. K. Anand walichapisha vipimo vya mawimbi ya umeme wa ubongo vya watu wa yoga waliokuwa katika samadhi. Walikuta kwamba makelele na vishtuo vilivyofanywa kwa makusudi havikuvuruga mawimbi yale kama inavyotokea kwa mtu wa kawaida.

Marekani ikafuata. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mtaalamu wa biolojia ya molekuli aliyejifunza kwa walimu wa Kibudha, alianzisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo ya kupunguza msongo. Yalikuwa ya wiki kadhaa, na hatimaye yakatulia kwenye wiki nane. Aliwapokea wagonjwa ambao madaktari walikuwa wamefika mwisho wa uwezo wao, wenye maumivu yasiyokoma. Alilichukua zoezi akaziacha alama za dini, pasipo sanamu, ubani wala sala. Mwaka 1982 aliandika habari za wagonjwa 51, akieleza kwamba asilimia 65 kati yao maumivu yalipungua kwa theluthi au zaidi.

Mkutano rasmi wa pande mbili ulifanyika mwaka 1987, Dalai Lama alipowakaribisha wanasayansi wachache nyumbani kwake Dharamsala, India, kwa mazungumzo yaliyoandaliwa na Adam Engle, aliyekuwa mwanasheria na mfanyabiashara, pamoja na mwanabiolojia Francisco Varela. Kutoka hapo ilizaliwa Taasisi ya Mind and Life. Mwaka 2004 maabara ya Richard Davidson katika Chuo Kikuu cha Wisconsin ilichapisha vipimo vya watu 8 waliokuwa wamekaa katika tafakuri kwa saa kati ya 10,000 na 50,000 za maisha yao. Mawimbi fulani ya kasi ya ubongo yalikuwa na nguvu kwao kuliko kwa wanafunzi waliolinganishwa nao. Mwaka uliofuata Dalai Lama alialikwa kuhutubia mkutano mkuu wa wanasayansi wa ubongo mjini Washington, na mamia ya wanasayansi walitia saini kupinga. Walihofu kwamba dini inaingizwa maabara kwa mlango wa nyuma.

Mimi hofu yao naielewa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitu kikianza kutembezwa sana, mwenye busara huenda kuchukua mizani. Basi tupime.

Kabla ya kusoma hesabu, lazima tujue jiwe la mizani. Wale wagonjwa 51 wa mwaka 1982 hawakuwa na kundi la kulinganishia. Mtu anayeumwa akienda mahali akapokewa kwa upole, akasikilizwa kila wiki, akakaa na wenzake wenye shida kama yake, atapata nafuu kiasi hata kama hakuiangalia pumzi hata mara moja. Tena maumivu mengine hupungua yenyewe. Ndiyo maana watafiti hugawa watu kwa kura, kundi moja lipate mafunzo na jingine lipate kitu kingine chenye muda na upole uleule. Tofauti itakayobaki kati ya makundi ndiyo faida ya zoezi. Bila hivyo ni sawa na kupima sukari pamoja na gunia, kisha ukamtoza mteja bei ya sukari kwa gunia nalo.

Upande wa mapato ni huu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikusanya majaribio 47 yaliyokuwa na makundi ya kulinganishia ya namna hiyo, yenye watu 3,515. Walikuta ushahidi wa wastani kwamba tafakuri ya uzingativu hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu. Walikuta pia kwamba hakukuwa na ushahidi wa kuizidi tiba nyingine halisi, kama vile dawa au mazoezi ya mwili. Hizi ni habari njema, ila ni njema kwa kiasi.

Kwa sonona inayorudi-rudi habari ni nzuri zaidi. Mwaka 2000 John Teasdale, Zindel Segal, Mark Williams na wenzao walieleza jaribio la wagonjwa 145 waliokuwa wamepona. Kwa wale waliokwisha kuugua mara tatu au zaidi, mafunzo ya wiki nane yaliyochanganya uzingativu na tiba ya mazungumzo yalipunguza kwa karibu nusu uwezekano wa kuugua tena. Kwa wale waliougua mara mbili tu, faida haikuonekana. Mwaka 2015, huko Uingereza, wagonjwa 424 waligawanywa. Wengine waliendelea na vidonge, wengine walipewa mafunzo huku wakisaidiwa kupunguza vidonge. Baada ya miaka miwili asilimia 44 ya waliopewa mafunzo walikuwa wameugua tena, na asilimia 47 ya waliobaki na vidonge. Na mwaka 2022 watafiti wa Marekani walieleza jaribio la watu wazima 276 wenye wasiwasi uliopitiliza, ambamo wiki nane za mafunzo ziliwasaidia kwa kiwango kisichopungua kile cha kidonge kinachotumika sana kwa ugonjwa huo.

Sasa tugeuze ukurasa. Mwaka 2011 ilitangazwa duniani kote kwamba tafakuri hukuza sehemu za ubongo. Utafiti ule ulikuwa na watu 16 tu waliofanya mafunzo. Mwaka 2022 maabara ileile ya Wisconsin, ambayo ingefurahi kuona jambo hilo likithibitika, ilichapisha majaribio yaliyounganishwa yenye watu 218, na haikuona badiliko lolote la umbo la ubongo baada ya wiki nane. Wakayaandika hivyohivyo, nami nawavulia kofia. Huko Uingereza, jaribio kubwa katika shule 85 lenye wanafunzi zaidi ya 8,000 halikuonyesha kwamba somo la uzingativu liliwapa vijana nafuu kuliko mafundisho ya kawaida ya tabia na hisia. Tena mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha mahojiano na watu waliopata taabu ndani ya tafakuri nzito, kama vile hofu kali, kukosa usingizi, au kujiona wamejitenga na nafsi zao. Watawa wa zamani walizijua hatari hizo. Wanaouza tafakuri kwa simu ndio wasiozitaja.

Nimeruhusiwa na wazazi fulani wa hapa mjini kueleza yaliyowapata, bila jina. Binti yao alikuwa akitibiwa sonona na alikuwa anaendelea vizuri. Ndugu mmoja, kwa mapenzi kabisa, akamletea ujumbe wa simu uliosema kwamba sayansi imethibitisha kuwa tafakuri ni sawa na vidonge. Akaongeza kwamba familia yenye imani haihitaji dawa za namna ile. Binti akaacha vidonge kwa siku moja. Baada ya wiki chache alikuwa hali, halali, wala hatoki chumbani, na watu walipouliza, waliambiwa amekwenda kwa shangazi yake Mombasa. Ilikuwa bibi yake, asiyejua kusoma, aliyesema sasa basi, arudishwe kwa daktari.

Lililo chungu zaidi ni kwamba ujumbe ule haukuwa uongo mtupu. Jaribio la mwaka 2015 lipo na tarakimu zake ni zile nilizozisoma. Lakini wagonjwa wa jaribio lile walipunguza vidonge kidogo kidogo, daktari akiwaona, wakiwa na mwalimu aliyefunzwa, na baada ya kuwa wamepona. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa avitupe vidonge kwa sababu ya imani. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Na yule binti leo humeza dawa yake, na kila alfajiri hukaa dakika ishirini na pumzi yake. Hajaona ugomvi kati ya hivyo viwili.

Ndugu zangu, tunaishi chini ya mlima wenye jina linalowashangaza wageni wetu kutoka India. Katika vitabu vitakatifu vya Wahindu, na vya Wabudha pia, Meru ndio mlima ulio katikati ya ulimwengu, jua na mwezi vikiuzunguka. Hapa petu Meru ni mlima wa volkano wenye zaidi ya mita 4,500, na jina lake ni la wenyeji wetu Wameru, waliolima miteremko yake kabla babu zetu hawajapanda jahazi. Majina yamegongana kwa sauti tu. Mtu akipanda kwa njia ya Momela akitegemea kuwakuta miungu wa Kisanskriti kileleni atashuka na baridi tu. Lakini mlima wa vitabuni haukuporomoka kwa sababu hiyo, maana watu huuendea kwa njia nyingine na kwa haja nyingine.

Dalai Lama mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 2005 juu ya sayansi na dini, aliandika kwamba ile picha ya zamani ya ulimwengu wenye Mlima Meru katikati haina budi kuachwa, kwa kuwa vipimo vimeonyesha vingine. Hakutetemeka kusema hivyo. Alijua kwamba Budha hakukaa chini ya mti ili kufundisha jiografia.

Nami nasema, uzingativu wa hospitalini na uzingativu wa hekaluni ni kama Meru mbili. Ule wa hospitali una urefu unaopimika, yaani umepunguza maumivu kwa kiasi gani na umezuia kuugua kwa wangapi. Tuuheshimu, na tukubali vipimo vyake vikipanda au vikishuka. Ule wa hekalu unauliza jambo jingine: mtu huyu ameacha kudanganya? Amepunguza hasira nyumbani? Amekubali kwamba mali, mwili na jina lake vitapita? Katika mafundisho ya Budha zoezi la pumzi halisimami peke yake. Hutanguliwa na kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutolewa. Mtu anaweza kutumia pumzi kutuliza moyo wake ili ampunje mteja bila kutetemeka, na mashine ya ubongo ikaandika kwamba ametulia vizuri. Mashine haitakuwa imekosea. Haikuulizwa habari za mteja.

Ndiyo maana nikawaomba mshike jibu la U Ba Khin. Mhasibu yule hakudharau maumivu ya Goenka. Alikataa kuiandika faida katika ukurasa usio wake. Kupona kichwa ni nyongeza njema, na daktari ana haki ya kuipima. Kutakata kwa akili ni kazi ya maisha, na haingoji hati kutoka maabara yoyote. Tukivichanganya vitabu hivi viwili, wote tutapata hasara. Mgonjwa atanyimwa dawa kwa jina la dini, na dini itageuzwa kidonge kitakachotupwa siku utafiti mpya utakaposema hakifanyi kazi.

Nina maombi kwa kamati na kwenu nyote katika mwaka huu wa kumbukumbu. La kwanza, ukumbi huu ufunguliwe kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kwa nusu saa ya kukaa kimya. Aje Mhindu, aje jirani Mwislamu au Mkristo, aje asiye na dini. Asiulizwe imani yake, asitozwe hata senti. Anayeogopa kubadilishwa dini ahakikishiwe, kama Goenka alivyohakikishiwa.

La pili, atakayeongoza awe mtu aliyejifunza kwa mwalimu na kukaa kwa miaka, na awaambie wote siku ya kwanza: anayetumia dawa za akili, za shinikizo la damu au za kisukari aendelee nazo, na akitaka kubadili chochote amwone daktari wake. Atakayepatwa na hofu au kukosa usingizi kwa sababu ya zoezi aruhusiwe kusimama, atembee uani, aseme. Asiambiwe kuwa ni udhaifu wa imani.

La tatu ni letu sisi wazee. Tuache kuificha maradhi ya akili nyuma ya shangazi wa Mombasa. Kijana akisema moyo wake umezama, tusimjibu kwa methali wala kwa ujumbe wa simu. Tukae naye, tumsikilize hadi amalize. Budha na wanasayansi wake hawajapata njia ya mkato ya kuikwepa kazi hiyo, nasi tusijifanye tumeipata.

Sasa, kwa ruhusa ya mgeni rasmi, nawaombeni wote, wa dini zote, tukae kimya kwa dakika mbili. Atakayesikia pikipiki barabarani asikie pikipiki, kisha airudie pumzi yake.

 Om shanti.